Bukavu: Maji ya mvua yapewe njia kabla ya nyumba kupewa msingi

Mjini Bukavu, muhula wa mvua unaanza Septemba na kuendelea hadi Mei. Ndani ya miezi hiyo tisa, komine za Kadutu, Ibanda na Bagira zinahesabu nyumba zilizoanguka, kuta zilizolalia jirani, na mara nyingine watu waliofukiwa wakiwa usingizini. Kila mara lawama inapewa mvua. Lakini ukiangalia namna parseli ilivyochimbwa, mahali maji ya bati yanapomwagikia na udongo wa shantie ulikotupwa, unakuta hatari ilitayarishwa zamani, siku mafundi walipoanza kuchimba.

Mifano haiko mbali. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Desemba 2023, mvua kubwa iliua zaidi ya watu 10 katika komine ya Ibanda. Miezi saba kabla ya hapo, Alhamisi tarehe 4 Mei 2023, mito ya wilaya ya Kalehe ilishuka na mawe, miti na matope juu ya vijiji vya Bushushu na Nyamukubi. Zaidi ya watu 400 walikufa, na wengine wengi hawakuonekana tena. Aprili 2020, mto Mulongwe uliharibu sehemu kubwa ya mji wa Uvira. Kinshasa nayo ilizika zaidi ya watu 100 baada ya mvua ya Desemba 2022, kisha Aprili 2025 mto N'djili ukafurika na kuleta msiba mwingine.

Baada ya msiba wa Kalehe, wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walijaribu kupima ni kwa kiasi gani mabadiliko ya tabianchi yalichangia mvua ile. Walishindwa, kwa sababu vipimo vya mvua kuzunguka ziwa Kivu ni vichache mno. Swali hilo litabaki mikononi mwa wataalamu. Swali lililo mikononi mwa mwenye parseli ni jingine: mvua kubwa ikija usiku, maji yatakayoangukia kiwanja changu yatapita wapi?

Mji uliopanda mlima

Bukavu ilipangwa na wakoloni wa Kibelgiji kama mji mdogo kando ya ziwa, juu ya rasi na vilima vya chini. Leo una watu zaidi ya milioni moja. Vita vya mwaka 1996 na 1998, na usalama mdogo vijijini uliofuata, vilisukuma familia nyingi kuja mjini. Parseli tambarare ziliisha. Waliokuja nyuma walipanda mlima, wakakata miti, wakachonga udongo na kujenga: kwanza nyumba ya mbao, kisha ya matofali pesa ilipopatikana.

Udongo wenyewe hausaidii. Sehemu kubwa ya mji iko juu ya mawe ya kale ya volkano ambayo yameoza kwa maelfu ya miaka na kuwa udongo mwekundu wa mfinyanzi. Ukiwa mkavu, udongo huo ni mgumu hadi fundi anaamini amefika kwenye mwamba. Ukishiba maji, unakuwa mzito na kuteleza. Ndiyo sababu ukingo uliosimama vizuri kiangazi chote unaweza kuanguka kwa mvua ya saa mbili mwezi wa Novemba.

Kata ya Funu ni mfano unaojulikana hata nje ya nchi. Mteremko wake, wenye ukubwa wa karibu kilomita moja na nusu ya mraba, unatembea polepole ukiwa na nyumba na watu wake juu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022 katika jarida la Nature Geoscience ulifuatilia mwendo huo kwa muda wa karibu miaka 70, kwa kulinganisha picha za zamani zilizopigwa na ndege na picha za satelaiti. Watafiti walionyesha kwamba kukua kwa mji kulibadilisha mwendo wa mlima, hasa kwa sababu kulibadilisha njia za maji. Mabati na njia vinakusanya maji ya mvua, mabomba yanavuja, na yote yanaingia ardhini mahali pamoja.

Utafiti mwingine, wa wataalamu wa Kongo na Ubelgiji, ulichapishwa Agosti 2025 katika jarida la Nature. Wao walihesabu makorongo ya mmomonyoko ndani ya miji ya Kongo. Walikuta 2.922 katika miji 26, yenye urefu wa karibu kilomita 740 yote pamoja. Kwa makadirio yao, kati ya mwaka 2004 na 2023 makorongo hayo yaliwafukuza watu wapatao 118.600 nyumbani kwao, na mwaka 2023 watu milioni 3,2 walikuwa wanaishi mahali ambapo hatari hiyo inaweza kuwafikia. Chanzo ni kilekile: barabara na mabati yanakusanya maji, na hakuna mfereji wa kuyapokea.

Kusoma ardhi kabla ya kutoa pesa

Mtu anayetafuta parseli Bukavu kwa kawaida anauliza bei, makaratasi, na kama gari inafika. Maswali ya maji yanakuja baadaye, wakati pesa imeshatoka. Lakini ardhi inaonyesha dalili zake, na hazihitaji mashine kuzisoma.

Ya kwanza ni miti. Mti uliopinda karibu na shina kisha ukanyooka juu unaonyesha kwamba udongo unatembea nao ukiwa unakua. Nguzo za ua zilizolala upande mmoja zinasema vilevile. Ya pili ni nyufa za ardhini zinazokata mteremko kwa umbo la upinde, mbali na ukuta wowote. Ya tatu ni maji yanayochipuka mahali ambapo hapakuwa na chemchemi, au majani yanayobaki kijani Julai wakati pengine pote pamekauka. Ya nne iko kwa majirani: milango iliyoacha kufunga, sakafu iliyopasuka, bomba la Regideso linalokatika kila mwaka mahali palepale.

Ya tano ni jina na kumbukumbu ya mahali. Wazee wa avenyu wanakumbuka wapi palikuwa na kijito, wapi palichimbwa udongo wa matofali na kujazwa takataka, wapi mlima uliwahi kushuka. Kijito kilichofunikwa na nyumba hakijafa. Kinarudi siku ya mvua kubwa.

Wakati mzuri wa kutembelea parseli ni saa ya mvua, au mara tu inapokatika. Mnunuzi anayefika Julai anaona vumbi na bei. Akifika Aprili ataona maji yanapoingilia na yanapotokea. Na ukiwa na nafasi ya kuchagua, mgongo wa kilima una hatari ndogo kuliko bonde linaloshuka katikati ya vilima viwili, na parseli ya mteremko mdogo ni bora kuliko ile iliyo chini kabisa ya ukingo mrefu, hata kama ya pili iko karibu na barabara.

Mlima unapochongwa

Kosa lililo la kawaida zaidi linafanyika kwa kutafuta nafasi. Mwenye parseli anachonga mlima upande wa juu, udongo unaotoka anausukuma upande wa chini, na hivyo anapata uwanja tambarare. Nyumba inakaa nusu yake juu ya udongo wa asili na nusu juu ya udongo wa kujaza. Miaka miwili ya kwanza hakuna neno. Kisha udongo uliojazwa unashuka, ule wa asili unabaki, na ukuta unapasuka katikati, mara nyingi kuanzia pembe ya dirisha. Nyumba kama hiyo haikubali mvua kubwa wala tetemeko, na Bukavu inakumbuka tetemeko la tarehe 3 Februari 2008.

Dawa yake inajulikana na mafundi. Msingi wote unashushwa hadi kwenye udongo wa asili, kwa ngazi ikiwa mteremko unalazimisha, badala ya kutafuta usawa kwa kujaza. Mahali ambapo kujaza hakuepukiki, udongo unawekwa tabaka kwa tabaka, kila moja isizidi sentimita 20, na kushindiliwa kabla ya tabaka linalofuata. Juu ya msingi na juu ya madirisha unapita mkanda wa beto wenye vyuma, unaofunga kuta zote nne pamoja. Ni bora nyumba nyembamba inayofuata mlima kwa urefu kuliko nyumba pana inayolazimisha kuchimba sana.

Ukingo uliochongwa wima nyuma ya nyumba ndio unaoua usiku. Familia nyingi zinalala na chumba kimoja kikiwa karibu kugusa udongo. Kanuni rahisi ni kwamba nafasi kati ya ukuta wa nyumba na ukingo iwe angalau sawa na kimo cha ukingo wenyewe. Ukingo wa mita tatu unadai mita tatu. Kwenye parseli ndogo za Kadutu nafasi hiyo haipatikani, basi kuna njia mbili tu: kupunguza kimo cha ukingo kwa kuuchonga kwa ngazi, au kuujengea ukuta wa kuuzuia.

Ukuta unaozuia udongo lazima upitishe maji

Kuta za mawe zinaonekana kila mahali Bukavu, na kila mwaka nyingine zinaanguka. Mara nyingi si kwa uhaba wa simenti. Ukuta uliojengwa kwa ufundi mzuri lakini bila matundu unageuka kuwa kizuizi cha bwawa. Maji yanajaa nyuma yake, yanaongeza uzito wa udongo na kuusukuma. Siku ukishindwa, hauanguki jiwe moja moja. Unakwenda wote kwa pamoja, na udongo wote wa nyuma unaufuata hadi kwa jirani wa chini.

Ukuta wa mawe wa kuzuia udongo una mambo manne yasiyoachwa. Upana wa chini uwe karibu nusu ya kimo chake, hivyo ukuta wa mita mbili unaanza na mita moja. Msingi wake uingie ndani ya udongo mgumu, si juu ya ule uliojazwa. Nyuma yake kuwe na tabaka la kokoto au mawe madogo, ili maji yashuke bila kubeba udongo. Na vipande vya bomba vipenye ukuta kila mita moja au moja na nusu, vikielekea chini kidogo, ili maji yatoke. Matundu hayo yanasafishwa kabla ya kila Septemba. Tundu lililozibwa na matope ni sawa na tundu ambalo halikutobolewa.

Asiye na uwezo wa mawe anaweza kutumia mimea, ila ajue mipaka yake. Vetiva ina mizizi inayoshuka wima na kushika udongo, na ikipandwa kwa mistari inayokata mteremko inapunguza nguvu ya maji. Matete na mianzi vinasaidia kandokando ya korongo. Ndizi, ambazo wengi wanazipanda kwenye ukingo, hazishiki udongo kwa kina kwa sababu mizizi yake inabaki juu. Na mikaratusi mirefu karibu na nyumba inaleta hatari yake siku ya upepo. Hakuna majani yanayozuia mlima wenye ufa mkubwa. Hapo kazi iliyobaki ni kuhamisha watu.

Bati moja, bidoni 200

Hesabu ifuatayo inaweza kufanywa na kila familia. Paa la mita 8 kwa 10 lina mita 80 za mraba. Mvua ya milimita 50, ambayo si jambo la ajabu katika muhula wa mvua, inamwaga juu ya paa hilo lita 4.000. Hizo ni bidoni 200 za lita 20, sawa na tani nne za maji, na pengine ndani ya saa moja au mbili. Nyumba 10 zilizopangwa kwa mteremko kwenye avenyu moja zinatoa bidoni 2.000. Kama hakuna mtaro, zote zinamshukia yule wa chini.

Zamani, kabla ya nyumba, sehemu ya maji hayo ilishikwa na majani na kuingia ardhini mahali pengi, polepole. Bati limeyakusanya na kuyaangusha kwenye mstari mmoja, kwenye mguu wa ukuta. Miezi michache inatosha kuchimba msingi wa nyumba ya matofali mabichi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza kwenye parseli, hata kabla ya msingi, ni mtaro wa juu: mfereji unaokata kiwanja upande wa mlimani na kupokea maji ya huko kabla hayajafika kwenye nyumba. Kazi ya pili ni mfereji wa bati, unaoshusha maji ndani ya bomba badala ya kuyamwaga ukutani. Kazi ya tatu ni kuyapeleka maji hayo hadi kwenye mfereji wa avenyu kwa ngazi za mawe au za beto, maana maji yanayoteremka bila ngazi yanachimba.

Tangi au mapipa yanabadilisha hatari kuwa faida. Katika mji ambao bomba linaweza kukauka siku nyingi na watoto wanatumwa mbali kuchota maji, lita 4.000 zinazopotea kwa mvua moja ni hasara. Lakini tangi lililojaa ni mzigo mkubwa. Liwekwe juu ya udongo wa asili, mbali na ukingo, na lipewe njia ya kutoa maji yanayozidi. Tangi linalofurika nyuma ya ukuta wa mawe linarudisha hatari ileile kwa mlango mwingine.

Vilevile shimo la choo na la maji ya kuogea. Kila siku linanywesha ardhi, kiangazi na mvua, na hakuna anayeliona. Likichimbwa karibu na ukingo au juu ya ukuta wa jirani, linalainisha mteremko kutoka ndani. Mahali pake ni mbali na ukingo, na kamwe lisipokee maji ya bati.

Shantie isiyosubiri mvua

Bukavu watu wanajenga kidogo kidogo. Pesa ikipatikana, msingi unachimbwa. Ikikatika, shimo linabaki wazi. Hapo ndipo shantie inageuka kuwa hatari kuliko nyumba iliyokamilika. Shimo la msingi lililoachwa wazi kwenye mteremko linapokea maji ya mvua zote za muhula na kuyaingiza ndani kabisa ya mlima, hasa pale ambapo ukuta utasimama.

Kalenda inasaidia hata asiye na pesa nyingi. Kuchimba, kujenga msingi na ukuta wa kuzuia udongo ni kazi za Juni, Julai na Agosti. Yule ambaye pesa yake inatosha shimo tu na haitoshi mawe ya kulijaza, ni bora asubiri kiangazi kingine. Akiwa ameshachimba, basi ajaze tena na kushindilia kabla ya Septemba, au achimbe mtaro wa kugeuza maji kandokando ya shimo.

Mambo madogo ya shantie yanahesabika pia. Matofali na mchanga visirundikwe kwenye ukingo, maana uzito wake unasukuma. Ukuta mpya ambao haujapata paa wala mkanda wa juu ufungwe kwa miti, kwa kuwa upepo wa kabla ya mvua unauangusha kirahisi. Mchanga ufunikwe kwa shitingi, vinginevyo utakwenda kuziba mfereji wa avenyu. Na wafanyakazi wasishuke ndani ya shimo refu mara baada ya mvua: udongo ulioshiba maji unafunga bila kupiga kelele.

Udongo unaotoka shantie ndio unaoleta ugomvi mkubwa. Kuupeleka mbali kunadai pesa ya gari au ya wabebaji, basi wengi wanausukuma kwenye korongo au kwenye mto Kawa, ambao tayari umebeba chupa na mifuko ya plastiki ya mji mzima. Mto uliojaa udongo hauna pa kupitishia maji. Unapanda juu ya nyumba za watu ambao hawakujenga chochote mwaka huo.

Kwenye bonde na kando ya ziwa

Si kila hatari inatoka mlimani nyuma ya nyumba. Uvira, Kalehe na Kalemie zina shida tofauti. Bushushu na Nyamukubi ziko mahali ambapo mito mifupi, yenye mteremko mkali, inafika ziwani. Tambarare yenyewe imetengenezwa na mawe na mchanga ambao mito hiyo ilishusha zamani. Ardhi ni nzuri kwa shamba na soko, lakini ni njia ya mto. Mahali kama hapo kuinua msingi hakutoshi. Mto unaobeba mawe makubwa hausimamishwi na ukuta wa nyumba, na maandalizi ya kweli ni kujenga mbali na mdomo wa mto, na kuwa na watu huko juu wanaoweza kutoa habari mapema.

Kwenye maji yanayopanda polepole, kama yale ya ziwa Tanganyika ambayo miaka ya karibuni yaliingia ndani ya nyumba za Uvira na Kalemie, msingi wa mawe ulioinuliwa na sakafu ya juu vinapunguza hasara. Matofali mabichi hayafai kwa sehemu ya chini ya ukuta, kwani yakilala ndani ya maji yanayeyuka. Lakini ziwa linalopanda linaweza kukaa miezi mingi. Anayejenga pwani aulize wazee maji yalifika wapi wakati wa kupanda kwa ziwa miaka ya 1960, asipime kwa kuangalia maji ya leo.

Jirani wa juu, jirani wa chini

Kazi zote hizo zina mpaka mmoja. Mtu anaweza kuchimba mtaro mzuri ndani ya parseli yake, lakini maji yake yataishia kwa mwingine. Kwenye avenyu nyingi za mteremko, mfereji wa jirani wa juu unaishia kwenye ua wa jirani wa chini, na hapo ndipo kesi zinaanza mbele ya mkuu wa avenyu, kisha mbele ya mkuu wa kata.

Avenyu zinazoweza kujisaidia ni zile zinazokubaliana juu ya mfereji mmoja kuanzia juu hadi chini, na kila nyumba kuunganisha maji yake humo. Salongo ya kusafisha mifereji mwisho wa Agosti inahitaji majembe tu na siku moja ya kazi. Lakini mfereji wa avenyu unadai mfereji mkubwa wa kuupokea, na huo si kazi ya salongo. Ni kazi ya Serikali, hasa ya Ofisi ya Barabara za Mijini na Mifereji, OVD, iliyoundwa kwa ajili hiyo. Pasipo mfereji mkubwa, juhudi za avenyu zinachimba korongo jipya chini yake.

Hapo swali linageuka kuwa la utawala. Kufuatana na sheria ya tarehe 20 Julai 1973, udongo wa Kongo ni mali ya Serikali, na raia anapewa haki ya kuutumia. Upangaji wa miji umeegemea kwa miaka mingi dekreti ya tarehe 20 Juni 1957, na kujenga kunadai ruhusa. Maana yake ni kwamba parseli iliyo ndani ya korongo haijiuzi yenyewe. Mtu fulani aliipima, mwingine akaiwekea muhuri. Msiba ukitokea, walionusurika wanaitwa wajenzi wa kiholela, wakati wengine wao wameshika makaratasi yaliyolipiwa. Kuwabomolea bila kuwaonyesha mahali pengine kunawapeleka kwenye mteremko mwingine, wenye hatari ileile au kubwa zaidi.

Wapangaji wako nje ya mjadala huo kabisa. Hawana haki ya kuchimba mtaro kwenye parseli ya mwenye nyumba, na chumba kilicho chini ya ukingo ndicho chenye bei nafuu. Wanachobaki nacho ni kuzijua dalili: ufa mpya ukutani, mlango uliofunga jana na leo umekwama, maji yaliyokuwa safi yakitoka ardhini sasa yana matope, au kelele ya mawe usiku. Dalili mojawapo ikionekana mvua ikiendelea, familia inatoka na kwenda kwa jirani aliye mahali salama, si kwenye chumba cha pili. Watoto na wazee wanatangulia. Vitu vinafuata kesho yake.

Kwa familia yenye pesa kidogo, mpangilio wa kazi ni huu: mtaro wa juu, kisha mfereji wa bati, kisha njia ya maji hadi kwenye avenyu, kisha ukuta wa mawe wenye matundu, na rangi ya nyumba mwisho. Kazi mbili za kwanza zinaweza kumalizika ndani ya siku chache kwa jembe, mbao na mabati machache. Ya tatu inadai kuongea na jirani wa chini kabla ya kuchimba, na ni vizuri maongezi hayo yafanyike Julai, wakati ardhi ni kavu na hakuna aliyekasirika.